Somo: Milima ya Lushoto kwa nauli ya basi

Habari zenu wapendwa. Kila nikiweka picha za Irente, ule ukingo wa mlima karibu na mji wa Lushoto, naulizwa, "Dada, mlikodi gari la nani?" Hatukukodi. Tulikata tiketi kama abiria wengine, tukashuka stendi na mabegi mgongoni, tukatembea. Nimeshapanda Usambara Magharibi hivyo mara nyingi sasa, na leo naandika utaratibu wote ili asiwepo wa kuniambia anasubiri mpaka anunue gari.

Tena kwa milima hii naona basi ni bora kuliko gari binafsi. Mwenye gari lazima arudi pale alipoliegesha. Sisi tunapandia upande mmoja wa mlima na kutokea upande mwingine, halafu tunapunga mkono barabarani.

Hatua ya 1: Anza na gari la kurudi

Wengi huuliza gari la kwenda linaondoka saa ngapi. Uliza kwanza la kurudi. Magari ya vijijini huku hufuata mahitaji ya wanakijiji: asubuhi yanashusha watu na mboga kwenda mjini, alasiri yanawapandisha makwao. Ukitaka kurudi mjini jioni kutoka kijijini, unakwenda kinyume na gari. Kwa hiyo ukishuka popote, kabla hujafunga kamba za viatu, muulize konda, "La mwisho kushuka ni saa ngapi?" Kisha muulize na mwenye duka la pale kituoni. Majibu yakitofautiana, shika la mapema.

Hili nililipia. Safari yangu ya kwanza upande wa Magamba tulikawia msituni, tukatoka barabarani saa kumi na mbili na nusu jioni. Ukungu umeshuka, baridi imeingia, barabara kimya. Mama mmoja aliyebeba mzigo wa kuni kichwani akasimama, akatutazama viatu, akasema, "Wanangu, gari lilishapita." Akatupeleka kwake, akavuta jiko la mkaa karibu na miguu yetu, akatupa chai ya tangawizi kwenye vikombe vya bati. Tulilala pale. Namshukuru mpaka leo, lakini sitaki wewe umtegemee mama wa kuni.

Hatua ya 2: Fika Mombo

Mombo iko kwenye barabara kuu ya Segera kwenda Same, Moshi na Arusha. Hapo ndipo njia ya Lushoto inapochepuka. Ukitoka Dar, pandia Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Yapo mabasi yanayokwenda Lushoto moja kwa moja, na huondoka asubuhi. Ukikosa, chukua lolote la Moshi au Arusha ushukie Mombo. Wa Tanga nao wana magari ya moja kwa moja, yanayopita Muheza, Segera na Korogwe. Chukua gari la alfajiri, ufike Lushoto kungali mchana, utafute chumba kwa mwanga.

Hatua ya 3: Mombo hadi Lushoto

Ni kilomita 33 hivi za lami, kona baada ya kona. Pale Mombo kuna kosta na haisi zinazosubiri kujaa. Begi kubwa lipeleke kwenye buti, lakini sweta, maji na dawa baki navyo. Omba kiti cha dirishani, maana safari imeshaanza. Chini kulikuwa na joto na vumbi la mkonge. Baada ya dakika ishirini dereva ameshuka gia, injini inanguruma, na upepo unaoingia dirishani una harufu ya majani mabichi. Migomba inaning'inia juu ya barabara, na chini korongoni unaona mto unang'aa.

Katikati ya njia ni Soni, yenye maporomoko unayoyaona ukiwa barabarani. Ukiwa na siku ya ziada shuka hapo. Njia ya Bumbuli inaanzia Soni, na Vuga, iliyokuwa makao ya ukoo wa Kilindi uliowatawala Wasambaa, haiko mbali. Ukoo ule ulianzishwa na mwindaji aliyeitwa Mbegha, na mpaka leo kima waitwao mbega, weusi wenye manyoya meupe, wako kwenye misitu ya juu.

Hatua ya 4: Siku ya kwanza, Irente

Mji wa Lushoto uko kwenye mita 1,400 hivi. Kutembea hadi ukingo wa Irente ni kilomita 5 au 6, na huhitaji gari lolote. Toka mjini saa moja asubuhi na maji lita moja na nusu. Njia inapita kwenye mashamba ya kabichi na karoti, watoto wanakwenda shule, wazee wanapalilia. Salimia kila mtu. Kiswahili kinatosha, ila mchana ukisalimia kwa Kisambaa, "Onga mshi", utaona nyuso zinavyofunguka.

Njiani kuna shamba la Irente la Kanisa la Kilutheri. Nunua mkate, jibini na jamu yao, uweke begini. Usile hapo, kakae ukingoni.

Pale ukingoni ardhi inakatika. Mara ya mwisho tulifika tukakuta ukungu mtupu, mweupe kama shuka, dada mmoja akataka turudi. Nikamwomba tukae tukate mkate kwanza. Kipande cha pili hakijaisha, ukungu ukapasuka chini ya miguu yetu, na kijiji cha Mazinde kikatokea karibu mita 1,000 chini: mistari ya mkonge iliyonyooka, mabati yanayomulika jua, barabara kuu na mabasi madogo kama siafu, na nyuma yake nyika isiyo na mwisho. Hakuna aliyetoa simu kwa muda mrefu. Kwa hiyo ukikuta ukungu, kaa. Upe saa nzima.

Hatua ya 5: Siku ya pili, msitu wa Magamba

Hapa chukua haisi ya asubuhi kutoka stendi ya Lushoto hadi Magamba, kisha rudi mjini kwa miguu, sehemu kubwa ikiwa mteremko. Msitu huu ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS, wakala wa serikali wa huduma za misitu, kwa hiyo kuna kiingilio. Malipo ni kwa namba ya kumbukumbu ya serikali, na raia halipi sawa na mgeni. Beba kitambulisho. Chukua mwongozaji anayetambulika. Njia zinagawanyika, na chini ya miti mikubwa kama mkulo huoni jua liko upande gani. Akikuonyesha mbega, nyamaza usubiri. Wakiruka, manyoya meupe yanafunguka kama vazi.

Hatua ya 6: Kushuka Mazinde kwa miguu

Hii ndiyo zawadi ya msafiri wa basi. Kutoka Irente kuna njia ya miguu ya wenyeji inayoshuka hadi Mazinde, kwenye barabara kuu. Badala ya kurudi Lushoto kupanda gari, unashuka ukingo wote na kusimamisha kosta ya kwenda Mombo. Ni mteremko mkali, magoti yatakuambia, na kila hatua joto linaongezeka. Usijaribu bila mwenyeji, usijaribu mvua iliponyesha, na anza asubuhi mapema. Begi kubwa liache kwa jamaa atakayelishusha kwa gari, au safiri na begi dogo tangu mwanzo kama mimi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Arusha): Dada shikamoo. Sisi wa huku tufanyeje? Kuna konda alinidai nauli ya Dar nzima wakati nashukia Mombo.

Marahaba. Pandeni basi la Dar au la Tanga. Ofisini, kabla ya kulipa, sema unashukia Mombo na uhakikishe tiketi imeandikwa Mombo. Nauli elekezi hupangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, iulize. Ukishapita Same mkumbushe konda, maana usiku Mombo hupitwa upesi.

Swali (Dodoma): Mimi ni mwanamke, nataka kwenda peke yangu. Niogope?

Mdogo wangu, mimi nimekwenda peke yangu zaidi ya mara moja. Irente njia ina watu mchana kutwa. Msituni na kushuka Mazinde chukua mwongozaji, na mwachie mwenye nyumba ya wageni jina na namba ya mwongozaji huyo, mbele yake mwenyewe. Vaa suruali pana, na uwe na khanga begini: ya kujifunga kijijini, ya kukalia, ya kujifunika baridi. Saa kumi na moja jioni uwe umerudi.

Swali (Zanzibar): Mwezi gani mzuri? Na baridi yake ikoje kwa sisi watu wa pwani?

Epuka masika, Machi hadi Mei. Udongo mwekundu ukilowa unateleza vibaya, na magari ya vijijini hukwama. Juni hadi Septemba njia ni kavu, ila Juni na Julai usiku ni baridi kweli. Njoo na sweta zito, soksi na kofia. Januari na Februari kuna joto kidogo na mwanga mzuri.

Swali (Morogoro): Natapika kwenye kona. Kuna dawa?

Kaa mbele, tazama barabara na si simu. Kula kidogo Mombo, usijaze tumbo chipsi. Mimi hunusa ndimu iliyokatwa na kutafuna tangawizi. Kama hali ni mbaya sana, nunua vidonge duka la dawa kabla ya safari, umeze mapema.

Swali (Tanga): Hujagusa Mtae, dada!

Kweli kaka, na Mtae inastahili. Ni mbali, karibu kilomita 60 kutoka Lushoto, mwisho kabisa wa safu. Gari hupita Lushoto mchana likielekea huko, hulala kijijini, na kushuka kabla ya alfajiri. Kwa hiyo si matembezi ya siku moja. Panda leo, kesho tembea Mtae na kijiji cha Mambo mchana kutwa, ulale tena, keshokutwa uamke na gari. Dereva mwambie jioni unapolala, atapiga honi mlangoni. Siku ya gulio magari huwa mengi zaidi, ila nafasi ni finyu: utabebana na matenga ya kabichi.

Swali (Dar): Mtoto wangu ana miaka saba, ataweza Irente?

Ataweza, wangu aliweza akiwa na sita. Mwacheni aongoze, mpate mkate njiani, na mtenge pesa ya bodaboda ya kurudi endapo miguu itagoma. Ukingoni mshikeni mkono muda wote. Hakuna uzio kila mahali.