Varna si jati

Kwenye mtihani wa sosholojia wa darasa la 12 India, alama hupotea kizembe kwa kuchanganya varna na jati, dhana mbili za matabaka ya Kihindu. Varna ni 4 tu (Brahmin, Kshatriya, Vaishya, Shudra), mpangilio mmoja unaotajwa nchi nzima. Jati, yaani makundi ambayo mtu huzaliwa ndani yake, ni maelfu, na ngazi zake hutofautiana eneo kwa eneo. Ndizo zinazoamua nani amwoe nani.

Mtego mwingine ni dhana mbili za mwanasosholojia wa India M. N. Srinivas. Kundi la chini likiiga ibada na mlo wa walio juu, mathalani kuacha nyama, hiyo ni sanskritaizesheni. Jati tawala hupata nguvu kwa ardhi na wingi wa watu: taja Wajat wa Punjab na Haryana au Wavokkaliga wa Karnataka. Maelezo bila mfano hayajazi alama 6.