Chakula cha kunenepesha ng'ombe wa nyama: ninavyochagua na kununua hapa Masasi

Muulize mtu yeyote wa Masasi minada ya korosho huanza lini, atakujibu bila kufikiri. Muulize mashudu, yaani makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta, hushuka bei mwezi gani, atakutazama tu. Wanenepeshaji wengi huku kusini mwa Tanzania hupoteza fedha hapo. Wananunua ng'ombe wazuri Nachingwea au Liwale, wanawafikisha zizini, kisha ndipo wanaanza kuhangaika na chakula. Mimi hufanya kinyume: chakula kwanza, ng'ombe baadaye.

Hatua ya 1: Jua unahitaji kilo ngapi

Ng'ombe wa kienyeji mwenye kilo 200 hula kwa siku chakula kikavu cha asilimia 2.5 hadi 3 ya uzito wake, yaani kilo 5 hadi 6. Mimi humpa nusu majani makavu na nusu mchanganyiko wa pumba, mashudu na muhogo (vipimo viko Hatua ya 5), kwa hiyo mchanganyiko ni kilo 3 kwa siku. Ukimnenepesha siku 90 atamaliza kilo 270. Ng'ombe 10 ni tani 2.7, sawa na viroba 54 vya kilo 50. Andika hesabu hiyo kwenye daftari kabla hujampigia mtu simu. Mwenye mashine ya kukoboa au kukamua akiona hujui unataka mzigo kiasi gani, anakupangia yeye.

Hatua ya 2: Linganisha bei ya protini, achana na bei ya kiroba

Pumba za mahindi zina protini kama asilimia 10. Mashudu ya alizeti yaliyokamuliwa pamoja na maganda yana kama 25, na mashudu ya ufuta hufika 40. Muhogo mkavu una 2 au 3 tu. Huo unaununua kwa ajili ya nguvu, si protini.

Tuchukue bei za mfano. Pumba zikiwa shilingi 300 kwa kilo, kilo moja ya protini imekugharimu 3,000. Mashudu ya alizeti kwa 600 yanakupa kilo ya protini kwa 2,400. Ya ufuta kwa 800, ni 2,000. Kwa hiyo kile kilichoonekana ghali kuliko vyote ndicho rahisi kuliko vyote. Weka bei za wiki yako, gawanya upya. Nauli iingize kwenye bei ya kilo kabla ya kugawanya, maana huku nauli ndiyo inayotuumiza.

Viroba vya chakula kilichochanganywa tayari navyo vipime hivyo hivyo. Soma lebo: protini ghafi, nyuzinyuzi, tarehe ya kutengenezwa. Kiroba kisicho na lebo sikinunui hata kikipunguzwa bei.

Hatua ya 3: Fuata msimu

Ufuta wetu mwingi huondoka ukiwa mbegu, kupitia stakabadhi ghalani (mfumo wa kuuza mazao yakiwa ghalani) na minada, kwa hiyo mashudu yake hapa ni machache. Yanapatikana kwa wakamuaji wadogo, na wakati wake ni baada ya mavuno, kuanzia Juni. Ongea nao mapema, lipa kidogo, wakuwekee. Mashudu ya alizeti mengi hutoka Singida na Dodoma. Unganeni wafugaji watatu au wanne mlete gari moja. Ya pamba hutoka mbali zaidi, Shinyanga na Simiyu, na molasi, ile shira nzito ya viwanda vya sukari, hutoka Kilombero na Mtibwa. Kwa umbali huo mimi nimeachana na molasi kabisa. Muhogo unafanya kazi ile ile ya kumpa ng'ombe nguvu.

Muhogo ndio utajiri wetu. Nunua kiangazi, Julai mpaka Septemba, jua likiwa kali na watu wanaanika makopa, yaani vipande vya muhogo mkavu. Majani ya karanga yakusanye mara baada ya kuvuna, kabla hayajaoza shambani, na maganda ya mbaazi chukua wakati watu wanapura. Vitu hivi viwili watu huviteketeza kwa moto, na roho inaniuma kila ninapopita.

Mabibo, matunda ya mkorosho, ni suala la Oktoba hadi Desemba. Machicha yanayobaki baada ya kukamua uraka (kinywaji cha mabibo), yaanike siku hiyo hiyo na uyatoe kidogo kidogo. Mabibo mazima usimwage zizini: ng'ombe hukabwa, na yaliyochacha humlewesha na kumvuruga tumbo. Maganda ya korosho kamwe usimpe ng'ombe. Mafuta yake huunguza. Tena usikate majani chini ya mikorosho iliyotoka kupulizwa dawa.

Hatua ya 4: Kagua kabla ya kulipa

Hapa usiwe na haraka. Mwaka mmoja nilipokea viroba 20 vya mashudu usiku, gari lina haraka, nami nimechoka. Nilitazama viroba vya juu tu. Asubuhi nilifungua kimoja cha chini, nikatia mkono katikati, ukatoka na joto kama nimeutoa kwenye chungu cha togwa. Ndani kulikuwa na mabonge ya kijani. Nilikuwa nimeshawapa ng'ombe jioni ile kutoka kiroba kingine cha mzigo ule ule. Waliharisha siku nne na wakasusa hori. Wiki mbili za uzito zilipotea, na mwuzaji hakurudisha hata senti.

Tangu hapo nafanya hivi. Nachagua viroba vitano, vya juu, vya kati na vya chini, na kila kimoja natia mkono mpaka kwenye kiwiko. Kikiwa na joto, nakikataa. Nanusa: mashudu mazuri hunukia mafuta mabichi, mabovu hunuka kama mafuta ya taa au uvundo. Mabonge yenye ukungu ni dalili ya kuvu, na sumu kuvu huiondoi kwa kuanika wala kwa kupepeta.

Kisha glasi ya maji. Tia kiganja kimoja cha pumba, koroga, subiri dakika mbili. Mchanga utazama na kujipanga chini, wa rangi tofauti, unaweza hata kuuhesabia unene wake kwa ukucha. Makapi ya mpunga yataelea juu, marefu na ya dhahabu. Hayo mtu anayachanganya ili kiroba kijae, na ng'ombe hapati kitu humo.

Makopa yavunje. Likikauka sawasawa hulia "pa!" na ndani ni jeupe. Linalojikunja kabla ya kuvunjika bado lina maji, litaoza ghalani. Uliza kama muhogo ni mchungu. Mchungu lazima uwe umemenywa, umekatwa vipande vyembamba na kuanikwa siku kadhaa, kwa sababu sumu yake hupungua kwa kukatwa na kukaushwa. Mihogo iliyopigwa na ugonjwa wa michirizi kahawia nainunua kwa bei ya chini, naondoa sehemu zilizooza, nyingine naanika.

Mwisho, mizani. Pima kila kiroba mbele ya mwuzaji.

Hatua ya 5: Changanya

Kwa kilo 100 natumia: makopa yaliyopondwa kilo 30, pumba za mahindi 37, mashudu ya alizeti 16, mashudu ya ufuta 15, chumvi 1, chokaa ya mifugo 1. Protini inakuja kama asilimia 14.5. Majani makavu yakiwa ya karanga, inatosha. Ukiwa na mabua ya mahindi matupu, punguza makopa kwa kilo 8 na uongeze mashudu kilo hizo hizo.

Chokaa usiiache. Pumba zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, na maksai (madume waliohasiwa) wakilishwa hivyo muda mrefu hupata mawe kwenye mkojo. Chumvi na chokaa zichanganye kwanza na ndoo moja ya pumba, ndipo umwage kwenye rundo lote juu ya turubai na kupindua kwa koleo mara nne.

Urea siweki. Ni njia rahisi ya kumpa ng'ombe protini, lakini kipimo kikizidi, au ikibaki bonge moja, ng'ombe anakufa kabla bwana mifugo hajafika. Wenye mizani sahihi na mafunzo waitumie.

Hatua ya 6: Hifadhi na anzisha taratibu

Viroba viweke juu ya mbao, mbali na ukuta. Mchanganyiko uandae wa wiki moja tu; mashudu yetu ya mashine ndogo yana mafuta mengi, huchacha upesi kwenye joto la huku.

Siku tatu za kwanza toa kilo 1 kwa ng'ombe, majani yawe tele na maji yasikatike. Ongeza nusu kilo kila baada ya siku tatu mpaka ufike kilo 3. Kila asubuhi tazama kinyesi kabla ya kuweka chakula. Kikiwa cha majimaji chenye povu na harufu ya uchachu, rudi kwenye kipimo cha nyuma kwa siku tatu, ndipo upande tena.