Somo: kuilaza mashine ya maji ya petroli mvua zikianza

Mbukwenyi wadau. Mvua ndo hizo, bustani sasa zinamwagiliwa na Mungu mpaka mwezi wa nne huko, na najua wengi mtafanya nilichofanya mimi mwaka wa kwanza, mashine unaitoa kisimani unaisukumia stoo na petroli yake nusu tenki. Mwezi wa tano nikavuta kamba mpaka bega likauma, haikohoi hata. Fundi kufungua kabureta (kile kinachochanganya petroli na hewa), harufu kama ya vanishi, jeti (katundu kadogo ka kupitisha petroli) imezibwa na kitu cha kijani kama ulimbo. Nikalipa, na kelele za mama watoto juu.

Kwahiyo anza na mafuta, na hii kazi ifanye mashine ikiwa bado iko kisimani inavuta maji. Kwanini? Maana inabidi iungurume mpaka mafuta yaishe na ikiunguruma bila maji ndani sili ya pampu (ile inayozuia maji yasivuje) inaungua muda si mrefu, alafu mwakani unashangaa inavuja. Tenki limwage kwenye dumu injini ikiwa imepoa (weka kwenye bodaboda wiki hiyohiyo, usitunze), kisha washa iache izime yenyewe. Wengi wanaishia hapo. Sasa chini ya kabureta kuna kibakuli na kibolti cha kumwagia, kinga kikopo ulegeze, utaona bado yanatoka, ndo hayohayo yanayoganda.

Injini ikiwa na uvuguvugu badili oili. Hizi za hosipawa 5.5 na 6.5 nyingi zinakula kama lita 0.6, oili ya namba SAE 30 au 10W-30 (zimeandikwa kwenye kopo), mashine ikae sawa ujaze mpaka mdomo wa tundu. Ile chafu usimwage karibu na kisima jamani, tunakunywa humo.

Pampu nayo ina plagi ya chini ya kutolea maji, fungua, yakiisha na tope limetoka rudisha.

Afu plagi ya moto: toa, weka oili kijiko kimoja cha chai kwenye tundu, vuta kamba taratibu mara mbili tatu, rudisha plagi ila kofia yake iache nje. Vuta tena kidogokidogo mpaka usikie kamba imekuwa nzito, achia hapo. Hapo valvu (milango ya silinda) zote zimefunga, unyevu hauingii kwenye silinda.

Iweke juu ya matofali, funika na gunia, nailoni inatoa jasho. Mipira ya maji ning'iniza juu, panya wa huku mnawajua.

MASWALI

Mdau wa Bahi: Kaka, yangu ni ya dizeli, nayo niimalize mafuta?
– Hapana mkuu! Dizeli ukiikausha inaingia hewa kwenye njia za mafuta, kuitoa ni kazi. Hiyo jaza tenki, unyevu ukose nafasi.

Dada wa Kongwa: Nimepanga chumba kimoja, naiweka humohumo na jiko la mkaa lipo, kuna shida?
– Ipo dada, kubwa. Hata tenki likiwa tupu mvuke wa petroli unabaki na jiko linaudaka. Omba kona nje kwa mwenye nyumba. Na usije ukaijaribu kuiwasha chumbani, moshi wake una sumu isiyo na harufu, unalala huamki.

Mdau wa Mpwapwa: Yangu imeshalala mwaka na petroli yake, nafanyaje
– Usivute kamba kwanza. Mwaga yote, fungua kabureta, osha kwa dawa ya kusafishia kabureta, upulize kwa upepo. Waya kwenye jeti usichokonoe, tundu likipanuka itakula mafuta kama lori.

Mdau wa Hombolo: Sisi wa zabibu mvua ikikata mwezi wa pili tunarudi kumwagilia, nilaze yote hiyo?
– Hapana mzee wangu, wewe funga koki ya petroli, mwaga kibakuli, inatosha. Siku ya kuwasha weka petroli mpya na ujaze pampu maji kwanza.