Kubeba moyo na mapafu ya kupandikiza: baridi ndio, kuganda hapana

Wanafunzi wangu wa uuguzi hapa Kisumu huniuliza sana vile kiungo cha kupandikiza hubebwa, juu Eldoret wanapandikiza figo, lakini figo ikitoka kwa ndugu aliye hai hapo karibu safari ni ya hatua chache tu. Moyo na mapafu ni maneno mengine, aliyetoa ameshafariki na anayengojea anaweza kuwa mji mwingine kabisa, na saa inaanza kuhesabu pale tu damu inapokatwa: moyo karibu masaa 4, mapafu karibu 6. Figo huvumilia hata siku nzima.

Kosa kubwa ni kudhani barafu nyingi ndio usalama. Enda Dunga beach hapa ziwani uone samaki mbuta aliyelazwa juu ya barafu iliyotoka friza sai sai, ule upande wa chini unakuwa mgumu na mweupe. Kwa sufuria haina shida, lakini misuli ya moyo ikiganda hivyo chembe hai zake zinapasuka na hautapiga tena vizuri.

Kwa hivyo moyo unasimamishwa kwanza, wanapitisha dawa baridi yenye potasiamu nyingi kwa mishipa yake hadi utulie kabisa, maana moyo unaopiga bila damu unajimaliza wenyewe. Halafu unazamishwa kwa dawa baridi ndani ya mfuko safi, toa hewa, funga, tia mfuko wa pili, funga, wa tatu pia. Ndio sasa uingie kwa kulaboksi, lile boksi la kuweka vitu baridi, barafu iwe imesagwa na iwe inayeyuka, na isiguse nyama hata kidogo. Weka kipimajoto, usipime kwa mkono, tunataka digrii 4 hadi 8.

Mapafu yanaoshwa kwa dawa kupitia mshipa unaotoka moyoni hadi inayotoka iwe safi na pafu ligeuke jeupe, kisha wanarudisha dawa kinyumenyume kuondoa mabonge madogo ya damu yaliyobaki. Hapa ndipo wengi husahau: pafu halifungwi likiwa tupu! Linafungwa likiwa na oksijeni ndani, juu linaendelea kuitumia hata likiwa kwa boksi, hiyo ndio riziki yake ya njiani. Lakini usilijaze pomoni kama mpira, kama linaenda na ndege hewa hutanuka huko juu na vile vifuko vidogo vya hewa ndani ya pafu vinaumia.

Kuna jambo linalonifurahisha sana, madaktari wa Toronto wameonyesha mapafu yakikaa digrii 10 badala ya kwa barafu yanadumu muda mrefu zaidi, hadi upasuaji wa usiku unaweza kungoja asubuhi. Na kuna mashine inayobeba moyo ukiwa moto na unapiga, damu ikizunguka, ila bei yake ni kali.

Kabla boksi halijatoka thieta, andika juu yake kwa kalamu isiyofutika ni kiungo gani, kundi la damu, na saa damu ilipokatwa. Iandikwe kwa boksi lenyewe, sio kwa simu ya mtu, simu huzima.