Jinsi ya Kuchunguza Saratani ya Ngozi kwa Kifaa cha Mkononi

Kabla ya kuwasha kifaa chochote, mkague mgonjwa kwa macho, mahali penye mwanga wa kutosha, kuanzia utosini hadi nyayoni, kwa sababu kifaa hupima doa lile tu unaloligusisha nacho. Tafuta doa ambalo pande zake hazilingani, lenye kingo zisizo sawa au rangi zaidi ya moja, lililozidi milimita 6 kwa upana, linaloendelea kubadilika, au ambalo halifanani na madoa mengine ya mtu huyohuyo. Kwa watu wenye ngozi nyeusi, melanoma, aina hatari ya saratani ya ngozi, ikitokea huwa mara nyingi kwenye nyayo, viganja au chini ya kucha. Viatu na soksi, basi, vivuliwe bila kuoneana haya.

Kifaa cha kwanza kushika ni dematoskopu, ambayo ni lenzi yenye taa inayokuza doa takriban mara 10. Kama ni ya aina isiyochuja mng'ao wa ngozi, paka jeli au spiriti kwanza, kisha bandika lenzi taratibu, kwani ukikandamiza sana damu hukimbia na mishipa midogo uliyotaka kuiona hupotea. Lenzi haikupi jibu. Inakuonyesha tu, na asiyefunzwa kusoma mistari, vitone na rangi hizo hatafaidika nayo sana.

Vipo pia vifaa vinavyotoa jibu vyenyewe. Nevisense hupitisha umeme hafifu kwenye ngozi na kupima jinsi seli zinavyouzuia. DermaSensor, iliyoruhusiwa na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani mwezi Januari 2024, hurusha mwanga na kupima namna unavyotawanyika ndani ya ngozi. Safisha ncha, iguse sehemu mbalimbali za doa kama maelekezo yanavyotaka, na usipime jeraha, kovu wala mahali ambapo mtengenezaji amepakataza.

Kusoma jibu ndiko kunakohitaji busara zaidi. Katika utafiti mkuu wa DermaSensor, kifaa kilinasa takriban saratani 96 katika kila 100, lakini kati ya madoa 100 yasiyo saratani, ni takriban 21 tu yaliyopewa jibu la kutotia shaka. Kwa hiyo jibu la «chunguza zaidi» lisimtishe mgonjwa: mwambie wazi kwamba wengi wanaolipata hawana saratani, kisha mpeleke kwa daktari wa ngozi, ambaye akiona haja atakata kinyama kipimwe maabara, maana hapo tu ndipo saratani huthibitishwa. Nalo jibu la kutuliza lisikupumbaze. Ikiwa macho yako au maelezo ya mgonjwa yanatia shaka, mpe rufaa hata kama kifaa hakikuona shaka; na usipompa, piga picha ya doa pamoja na rula, andika tarehe, na umtaje siku ya kurudi kabla hajatoka chumbani.