Mbwa wa kulinda kuku analelewa na kuku, haletwi ukubwani

Kuku wakianza kupungua usikimbilie kutafuta mbwa, kwanza mjue mwizi. Kifaranga kapotea mchana kweupe na hakuna hata unyoya, hapo ni mwewe au kunguru, kenge naye yumo. Mayai yanaisha mchana na kichakani kwa jirani kuna nguchiro wanapita kundi zima, basi ndo hao hao. Umeamka umekuta kuku wamelala chini shingo zimeng'atwa na nyama imeliwa kidogo tu, ni kanu au kicheche. Ukikuta mbao zimeng'olewa kabisa huyo ni nyegere, na nyegere hana utani.

Sa tuje kwa mbwa. Wa kienyeji anatosha sana, msibabaishwe na majina ya kizungu. Kikubwa umchukue mdogo, wiki nane hivi, umtengee sehemu kando ya banda, wavu tu katikati, awaone na kuwanusa kutwa nzima mpaka awazoee. Baadae mtoe kwa kamba akiwa ameshiba na ameshacheza kachoka, ukiona anamkodolea kuku macho na mwili umekakamaa sema ACHA, akigeuka kukutazama mpe dagaa palepale. Siku kuku mwenye vifaranga akimdonoa pua usimtetee, acha afundishwe!

Balaa lipo kuanzia miezi sita mpaka mwaka na nusu hivi, anakua na nguvu za mbwa mkubwa na akili za kitoto, anamkimbiza kuku kwa mchezo tu na kuku anakufa, kwahiyo umri huo usimwache nao peke yake hata ukienda dukani mara moja. Kuku aliyekufa mfukie au mchome, usimrushie mbwa. Chanjo ya kichaa cha mbwa apate akifika miezi mitatu na irudiwe kama daktari wa mifugo atakavyokwambia, maana huyu atang'atana na wanyama wa porini. Na usiku afunguliwe ndani ya uzio jamani, mbwa wa mnyororo atabweka tu huku kicheche anakula.

Ila mbwa hamzuii mwewe wala nyoka, banda lazima liwe banda. Ule wavu wa kuku wa matundu makubwa unazuia kuku kutoka, hauzuii adui kuingia, panya anapita, nyoka anapita, kanu anapitisha mkono. Weka wavu mgumu wa matundu ya nusu inchi, uchimbie chini kama sentimita 30, au kama ardhi ni mawe ulaze kwa nje na kuubana na mawe. Mlango ufungwe kabla giza halijaingia, kwa komeo sio kikamba.

Vifaranga wakae kwenye tenga na mama yao mwezi wa kwanza. Kuna wanaowapaka rangi ili mwewe aogope, mi siitegemei. CD na mikanda ya kaseti inayong'aa inasaidia ila uihamishe kila baada ya siku chache, mwewe akishaizoea anatua tu.

Siafu: banda liwe na miguu, kila mguu kwenye kopo lenye oili chafu, na majani yasiguse ukuta maana watapandia hapo. Sumu usitege kabisa, wa kwanza kuila atakua huyo huyo mbwa wako.