Jinsi ya kuomba kibali cha siku ya utamaduni katika uwanja wa umma, Nakuru

Kila likizo inapokaribia, vikundi vya mitaani huniuliza swali moja: barua tunaipeleka wapi? Kule Bondeni kuna vijana wa ngoma, Kaptembwo wana akina mama wa ushanga na vikapu, Shabab kuna mwalimu wa mazoezi ya viungo anayefundisha wazee bila malipo. Wote wako tayari, ila hawana karatasi hata moja. Nakuru iliingia katika orodha ya UNESCO ya majiji bunifu mwaka 2021, upande wa ufundi wa mikono na sanaa za jadi. Ufundi huo umo mikononi mwa watu hawa, na inaniuma kuwaona wakizuiwa langoni kwa kukosa muhuri. Hii hapa njia ninayowaelekeza.

Anza na jina la mwombaji. Ofisi hazipendi kumwandikia mtu binafsi anayeita umati uwanjani. Kama kikundi chenu hakijasajiliwa, nendeni kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo yenu. Sheria ya mwaka 2022 ya usajili wa vikundi vya kijamii inataka wanachama wasiopungua 10. Bebeni kumbukumbu za mkutano mliochagua viongozi, katiba ya kikundi, na orodha ya wanachama pamoja na nakala za vitambulisho. Wengi hukwama kwenye kumbukumbu: wameandika tu kwamba "tulikutana tukakubaliana". Andikeni tarehe, mahali, waliohudhuria, nani alichaguliwa kwa cheo gani, kisha mwenyekiti na katibu watie sahihi. Kama muda umekwisha na cheti hamna, tafuteni kikundi kilichosajiliwa kiombe kwa niaba yenu, na makubaliano hayo myaandike.

Sasa uwanja. Hapa ndipo kazi yote ilipo, na msichapishe hata bango moja kabla ya kuumaliza. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeweka shughuli za utamaduni, burudani za umma na bustani za burudani mikononi mwa kaunti. Kwa hiyo mkitaka mahali kama Nyayo Gardens au ukumbi wa kijamii, ombi linakwenda serikali ya kaunti: barua kwa meneja wa jiji, na nakala kwa idara inayosimamia utamaduni. Mkitaka Hyrax Hill, mlango ni mwingine, maana pale ni mahali pa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Mwandikieni msimamizi wa makavazi. Uwanja wa shule unaombwa kwa mwalimu mkuu, naye atahitaji ridhaa ya bodi yake.

Kabla ya kuandika, nendeni kwa miguu mkaulize kama tarehe iko wazi. Mwaka mmoja tulipewa uwanja kwa mdomo na ofisi fulani, tukakodi hema na viti, na asubuhi ya siku yenyewe tukakuta watu wengine wameshafunga spika zao. Walikuwa na barua. Sisi tulikuwa na ahadi. Wazee wa ngoma waliotoka Njoro alfajiri walirudi nyumbani bila kupiga hata mdundo mmoja, na aibu ile naikumbuka mpaka leo.

Barua iwe ya ukurasa mmoja. Mfano wake:

"Kwa Meneja wa Jiji la Nakuru.
KUH: OMBI LA KUTUMIA UWANJA WA ______ TAREHE ______
Sisi ni kikundi cha ______, nambari ya usajili ______, kutoka mtaa wa ______. Tunaomba kutumia uwanja uliotajwa kwa siku ya utamaduni na afya, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Tunatarajia watu wapatao ______. Kutakuwa na ngoma za jadi, maonyesho ya ususi na ushanga, na mazoezi ya viungo kwa wazee. Hakutakuwa na pombe wala siasa. Kiingilio ni bure. Tutasimamisha hema ______ na kutumia spika ______. Tutasafisha uwanja na kuurejesha ulivyokuwa. Mhusika mkuu ni ______, simu ______."

Ambatanisheni cheti cha usajili, kitambulisho cha mhusika mkuu, ratiba ya siku, na mchoro wa uwanja unaoonyesha jukwaa, mahema, vyoo na njia ya gari la wagonjwa. Mchoro wa kalamu unatosha. Afisa akiuona anajua kwamba mmefikiria watu watapita wapi.

Chapeni nakala mbili za kila barua. Moja inabaki ofisini, ya pili igongwe muhuri wa mapokezi wenye tarehe, mrudi nayo. Msiondoke bila muhuri huo. Barua ikipotea kati ya meza na meza, nakala yenu ndiyo itakayowatetea. Ipelekeni wiki sita kabla ya siku, kwa sababu kutoka mapokezi hadi sahihi inapita kwa watu kadhaa, na mmoja akiwa likizo inamsubiri. Rudini baada ya wiki moja kuulizia, kwa upole.

Ada za kutumia viwanja na kumbi hutajwa katika Sheria ya Fedha ya kaunti, ambayo hupitishwa kila mwaka, basi ulizeni ya mwaka huu. Kama hamtozi kiingilio, ombeni msamaha wa ada kwa barua ya pekee, mkieleza nani anafaidika. Msiuchanganye na ombi la uwanja: ombi la pesa likikwama, lisiuzuie uwanja. Mkilipa, lipeni kwa njia rasmi ya kaunti na mdai risiti. Hakuna ada halali inayotumwa kwenye simu ya mtu binafsi.

Uwanja ukishapatikana, nendeni kituo cha polisi cha eneo hilo, kwa mkuu wa kituo, yaani OCS. Ibara ya 37 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kukusanyika kwa amani bila silaha. Kwa hiyo kwa polisi hamwombi ruhusa, mnatoa taarifa. Sheria ya Utulivu wa Umma inataka taarifa ya mkutano wa hadhara ifike siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14 kabla ya mkutano, ikitaja jina na anwani ya mwandalizi, mahali, tarehe na saa, na mkutano uwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Mikutano ya utamaduni na burudani tupu sheria hiyo huiweka kando. Hata hivyo, mimi huwashauri wote wapeleke taarifa. Polisi wakijua, hawatawanyi watu kwa kudhani ni maandamano, na mkiomba askari wawili wa kuangalia barabara mtasikilizwa. Kuna pia daftari la taarifa zilizopokewa. Ombeni kuliona, mjue kama kuna mkutano mwingine siku hiyo hiyo karibu nanyi. Kisha mpitieni chifu. Si kwa ajili ya kibali; mkutano wake ndio tangazo litakalowafikia wazee wasio na simu.

Kuhusu sauti, watu wengi hupuuza mpaka spika zichukuliwe. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinahesabu mchana hadi saa mbili usiku. Eneo la biashara linaruhusiwa desibeli 60 mchana, nje kwenye makazi 50, na usiku ni 35 kila mahali. Jukwaa lenye spika kubwa hupita 60 bila shida, hivyo ombeni kibali cha kelele. Ulizeni ofisi ya mazingira ya kaunti au NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, ni nani anayekitoa kwa eneo lenu. Tajeni saa halisi za muziki, na kama kuna hospitali, msikiti au kanisa jirani, waandikieni nao mapema.

Didijei akicheza nyimbo zilizorekodiwa, kuna leseni ya hakimiliki ya kulipia. Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ndiyo huidhinisha mashirika ya kukusanya pesa hizo. Hakikisheni kwake ni shirika gani lenye idhini mwaka huu kabla ya kumlipa yeyote anayekuja na daftari la risiti. Ngoma za jadi zina sheria yake ya mwaka 2016, inayolinda maarifa na sanaa za jamii. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona wimbo wa jando ukiimbwa jukwaani na watu wasioujua, wenyewe wakaondoka wakiwa wamechukizwa. Waulizeni wazee wa jamii hiyo: huu unaimbwa hadharani? Na nani? Andikeni jibu lao.

Wauza chakula wawe na cheti cha uchunguzi wa afya, ambacho hudumu miezi sita. Kupima shinikizo la damu au sukari kusifanywe na mtu yeyote mwenye mashine. Ipelekeeni idara ya afya ya kaunti ndogo barua ili wahudumu wenye leseni waje. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya likiombwa mapema linaweza kutoa watu wa huduma ya kwanza. Watoto watakaopigwa picha wawe na idhini ya mzazi kwa maandishi.

Chagueni tarehe mkijua Nakuru hunyeshewa hata Agosti, kwa hiyo malizieni ngoma za nje kabla ya mawingu ya alasiri.

Siku yenyewe mtu mmoja abebe faili lenye barua zote asili, asiwe mchezaji wala mpishi, na simu yake iwe na chaji. Jioni, mkishafagia, mwiteni msimamizi wa uwanja atie sahihi kwamba mmeuacha safi. Karatasi hiyo iambatanisheni na ombi la mwaka ujao.